Nyumba Iliyojikaza

Majirani zangu, na wewe unayesoma hapa huku umeegemeza shavu kwenye kiganja, hebu kwanza uondoe huo mkono. Sababu nitakueleza mbele. Kwa sasa nifuate kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya kaka yangu, enzi zile kilipokuwa bado chumba cha watu kucheka.

Kilikuwa chumba kimoja chenye kazi mbili. Upande wa dirishani ilikaa cherehani ya wifi yangu, mke wa kaka, ile ya kukanyaga kwa miguu, na pembeni yake kikapu cha vitambaa ambacho paka alikigeuza kitanda. Upande wa mlangoni ilikaa meza ya kaka, fundi saa, na vibisibisi vyake vidogo kama sindano. Saa za wateja zilijaa ukutani, na kwa kuwa kila moja ilikuwa na ugonjwa wake, hakuna mbili zilizokubaliana. Ukiuliza ni saa ngapi katika nyumba ile, ulipewa majibu ukachague mwenyewe.

Mimi nilikulia chumba cha nyuma pamoja na mama yetu, kabla sijaolewa. Kinachonijia hadi leo ni sauti za kile chumba: cherehani ikikimbia, saa zikigongana, na juu ya vyote kicheko cha wifi. Mtaa mzima ulimwita Kicheko. Mwanamke yule hakujua kutabasamu. Ama alikaa kimya anashona, ama alifungua mdomo wote mpaka ukaona jino la mwisho.

Na alikuwa na kipaji cha kuigiza wateja. Mama mnene akija na kitambaa cha gauni la mtoto, akitaka nguo yake mwenyewe itoke humo humo, wifi alisubiri aondoke, kisha akasimama katikati ya chumba, akavuta tumbo ndani, akapanua mdomo na kusema kwa sauti ile ile: "Fundi, wewe vuta tu, kitafika!" Kaka alikuwa anafanya kazi na kioo chake cha kukuzia, kile ambacho mafundi saa hukibana jichoni bila kukishika. Akicheka, kioo kilimdondoka. Wifi alikuwa na desturi ya kuhesabu: kioo kisipoanguka, alisema mzaha wake haukuiva, akarudia.

Jambo moja tu lilikuwa na kasoro, na wakati ule nani angeliona? Wifi alitunza pini zake mdomoni. Alizibana kwa meno ya upande wa kulia, akashona na kuzungumza kwa upande wa kushoto. Uzi aliukata kwa meno ya upande ule ule wa kulia, huku mkasi umening'inia shingoni kwa utepe bila kazi yoyote. Sisi tulimsifia kwamba mkono wake ni mwepesi.

Sasa niwajulishe mama yetu. Mama alifiwa na baba tukiwa wadogo, na alitulea kwa neno moja. Ukianguka ukachubuka goti: "Jikaze." Ukifeli mtihani: "Jikaze." Umeme ukikatika na chakula hakijaiva: "Jikazeni." Tusi kubwa kuliko yote nyumbani kwetu lilikuwa "mlegevu". Simcheki mama. Neno lile ndilo lililotuvusha, na yeye alikuwa wa kwanza kulitii. Wifi alipoolewa pale alilipokea neno hilo pamoja na funguo za jikoni, na baada ya muda akawa hodari wa kujikaza kuliko sisi tuliozaliwa nalo.

Basi asubuhi moja, wifi akikata uzi kwa meno, kitu kikamlia karibu na sikio. Ko! Kama mtu anayevunja kijiti ndani ya kichwa. Akacheka, akaendelea kushona. Wiki ile ile akaanza kuumwa akitafuna. Maumivu yalianzia mbele ya sikio, yakapanda kwenye paji la uso na kushuka shingoni. Asubuhi aliamka taya limekauka, mdomo haufunguki hata kwa kijiko.

"Jino hilo," mama akasema.

Na nani angebisha? Mtu akishika shavu, kila mmoja wetu husema jino. Ndani ya shavu hatukujua kama kuna kitu kingine chenye ruhusa ya kuuma. Wakaenda kwa mzee mmoja wa sokoni aliyekuwa na koleo na kiti, akang'oa jino la kulia. Maumivu hayakuondoka. Akang'oa la pili. Maumivu yalibaki pale pale, ila sasa na pengo. Wakadhani ni sikio, wakamtia mafuta ya uvuguvugu. Sikio likawa laini, taya likabaki na ugomvi wake.

"Mama, bado linauma," wifi alisema jikoni, kwa sauti ya chini.

"Meno yote mawili yametoka. Sasa linalouma ni lipi?" Mama hakusema kwa ubaya. Alikuwa amesimama anamkorogea uji. "Taya limelegea hilo, linataka kazi. Tafuna karanga kavu upande huo huo. Jikaze, mwanangu."

Wifi akatafuna karanga kavu. Aliyekuwa anaumwa kiungo akapewa mazoezi ya kukimaliza! Alitafuna huku machozi yanamtoka, na mama akamsifu kwamba huyo ndiye mkwe.

Tangu hapo kicheko kikapungua, halafu kikakoma. Kucheka kulimtaka afungue mdomo, na kufungua mdomo kulikuwa adhabu. Kuigiza wateja akaacha. Maneno yake yakawa mafupi: ndiyo, hapana, baadaye. Kula pamoja nasi nako akaacha, kwa kuwa kila akitafuna taya lilimlilia ko, ko, naye aliona haya. Alikula jikoni, amesimama, akiupa mgongo mlango.

Kaka akaona mwenzake amenuna. Angeona nini kingine? Mke aliyekuwa anacheka na wewe toka asubuhi, sasa anakukazia uso, hali na wewe, hazungumzi na wewe.

"Nimekukosea nini?" akamwuliza siku moja, kioo kikiwa jichoni.

"Hakuna."

"Hakuna ya kweli au hakuna ya kununa?"

Wifi akatikisa kichwa. Angesema nini? Kwamba anaumwa na meno ambayo hayapo tena? Kwamba alipewa dawa zote za nyumba na yeye bado analegea? Akauma meno, akarudi kwenye cherehani. Na alipoyauma hivyo, mshipa wa shavu ukamsimama, na kaka akausoma kama hasira.

Kaka yangu ni mtu ambaye saa ikichelewa kidogo tu huisikia kutoka chumba cha pili. Taya la mkewe lililia karibu naye mwaka mzima na nusu yake, hakulisikia. Nadhani alikuwa anasikiliza kitu kingine. Alikuwa anasikiliza kama bado anapendwa.

Nilipokwenda kuwatembelea alinisindikiza hadi njiani. "Dada, wifi yako amenichoka," akasema. "Hata usingizini ananikasirikia. Anasaga meno usiku kucha. Mtu anasaga meno kwa ajili ya nani kama si mimi?"

Muda mfupi baadaye akakodi kibanda sokoni. Alisema wateja watampata kwa urahisi. Akatoa meza yake, akashusha saa ukutani moja moja, akazifunga kwa magazeti. Zilipotoka, ukuta ulibaki na alama za duara, nyeupe, pale ambapo moshi na vumbi havikufika. Wifi alishona akitazamana na alama zile. Aliniambia baadaye kwamba kilichomtisha zaidi kilikuwa ukimya. Alikuwa amezoea kuudhiwa na saa zile, sasa alizikumbuka kama watoto waliopelekwa shule ya mbali. Na aliniambia kitu kingine: alijua kabisa kwamba meza ikishatoka, mwenye meza naye yuko njiani.

Jamani, hapo ndipo nyumba ilipofika. Hapakuwa na pombe, hapakuwa na mwanamke wa nje. Kulikuwa na maumivu ya mtu mmoja yasiyokuwa na jina.

Mchana mmoja wifi alikuwa anapinda sare za shule. Usiku hakulala vizuri, akapiga mwayo. Mdomo ukafunguka na kugoma kurudi. Akasukuma kidevu kwa mikono miwili, hola. Mama akaingia.

"Funga mdomo, nzi wataingia."

Wifi akatikisa mikono.

"Nasema funga! Eh! Jikaze, sukuma!"

Akajikaza. Kadiri alivyojikaza ndivyo taya lilivyong'ang'ania pale pale, mate yakimtiririka kidevuni. Akachukua kitambaa cha sare, akaziba mdomo, akatoka mbio. Hakwenda kwa mzee wa koleo, alikwenda kwa mumewe. Mama akamfuata nyuma akichechemea. Mama alichechemea siku zote, tulidhani ndio mwendo wake.

Kaka alikuwa ameinama juu ya saa ya mkononi. Akainua macho, akamwona mkewe amesimama mlangoni mwa kibanda, ameondoa kitambaa, mdomo wazi kabisa, macho yamemtoka. Na kaka yangu akacheka. Si kwa ubaya, jamani! Alicheka kwa furaha, kioo kikadondoka mezani.

"Umerudi!" akasema. "Huyo ni nani leo? Ni yule mama wa vuta tu kitafika? Mke wangu, umekuja kunichekesha mpaka huku!"

Wifi hakubadilisha uso. Machozi yakaanza kumtoka, yakashuka hadi kwenye pembe za mdomo usiofungika. Kaka akaendelea kucheka kidogo, kama saa inayoendelea kutembea baada ya kuanguka, kisha akasimama, akamshika mkono wakatoka. Aliacha kibanda wazi, na saa za watu juu ya meza.

Kwenye kliniki ya meno aliwapokea daktari mwanamke, mpole, mwenye vidole vifupi. Akavaa glavu, akaweka vidole gumba viwili nyuma kabisa juu ya meno ya chini, na vingine akavishikisha kidevuni.

"Legea, mama," akasema.

Wifi akakaza.

"Hapana, legea tu. Mimi ndiye nitakayefanya kazi."

Akakaza zaidi. Hakuwa anabisha, alikuwa hajui. Hakuna aliyemwambia neno hilo tangu aolewe, na tangu hapo lilikuwa tusi. Daktari akamwambia apumue, aangushe mabega, aache mikono ilale mapajani kama vitambaa. Ilichukua muda. Kisha taya likashuka, likasogea nyuma, likarudi mahali pake.

Daktari hakuishia hapo. Akaweka ncha za vidole mbele ya masikio ya wifi. "Fungua polepole. Funga. Unasikia hapa? Hiki ni kiungo. Kama cha bega, kama cha goti. Kinaitwa kiungo cha taya."

"Kwa hiyo," wifi akasema, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza, "kinaweza kuuma?"

"Kinauma sana. Pole."

Wifi akalia, safari hii kwa sauti. Mtu aliyeumwa muda mrefu bila kusadikiwa hulia namna hiyo akipewa jina la ugonjwa wake. Kaka akasogea, akainamisha sikio karibu na shavu la mkewe, kama afanyavyo kwa saa ya mteja. "Fungua tena," akamwomba. Ko.

"Hiyo sauti ina muda gani?"

"Toka kabla hujahamisha saa."

Kaka akakaa kwenye kiti cha wagonjwa.

Daktari akauliza kuhusu kazi, akaambiwa habari ya pini na uzi. Akauliza kuhusu usiku. "Anasaga meno," kaka akajibu, akitazama sakafu. "Nilidhani ni hasira."

"Na mchana, akizidiwa na maumivu, anafanya nini?"

Mama, aliyekuwa amesimama kona ya chumba kwa sababu alikataa kiti, akajibu kwa fahari: "Anajikaza. Mwanangu huyu anajikaza, daktari, hata mimi ananishinda."

Daktari akamtazama kwa upole. "Ndiyo hiyo sasa, bibi. Anajikaza kwa meno. Kila akikaza, kiungo kinabanwa. Kikibanwa kinauma. Kikiuma anakaza."

Mama akavuta kiti, akakikalia.

Dawa hazikuwa za ajabu. Vidonge vya kutuliza kwa siku chache. Chakula laini, kilichokatwa vipande vidogo, kitafunwe pande zote mbili. Kitambaa cha maji ya moto kwenye mashavu jioni. Mwayo ukija, kidevu kishikiliwe. Hakuna pini, hakuna uzi, hakuna karanga kavu, wala kuegemea shavu kwenye kiganja. Alichukuliwa vipimo vya meno, akatengenezewa kifaa cha plastiki ngumu cha kuvaa akilala, ili meno yasisagane. Akafundishwa mazoezi ya kufungua mdomo taratibu, ulimi ukiwa umegusa juu. Na akapewa maneno ya kujiambia akiwa kazini: midomo ikutane, meno yaachane. "Meno hukutana wakati wa kula tu," daktari alisema. "Nyakati nyingine ni wapangaji, kila mtu na chumba chake." Akamwonya pia kwamba haitakuwa kama kuzima taa. Itapungua kwa miezi, na siku nyingine itarudi kubisha hodi.

Ndivyo ilivyokuwa. Ilipungua, ikarudi, ikapungua zaidi. Daktari aliyaulizia pia yale meno mawili. Kwa alivyoelezwa yalivyokuwa, akasema inaelekea yalikuwa mazima. Hilo halikuwa na dawa.

Kaka alichukua mkanda wa saa ya mkononi ambayo mwenyewe hakuifuata tena, akatoa saa, akashonea mahali pake mto mdogo uliojazwa mabaki ya vitambaa. Akaufunga kwenye mkono wa mkewe. "Pini zako zikae hapa," akasema. "Na huu mkasi nao upewe kazi, umekaa bure tangu tuoane." Alishona vibaya sana, mshono wa fundi saa, lakini wifi hakukubali kuufumua.

Kisha akarudisha meza. Akarudisha na saa, ila hakukumbuka kila moja ilikaa wapi, kwa hiyo alama nyeupe zilibaki zikichungulia pembeni ya saa zilizowekwa karibu. Kicheko nacho kilirudi hivyo hivyo, hakikukaa sawasawa na alama yake ya zamani. Kilikuwa kidogo zaidi, chenye pengo, na mkono mmoja chini ya kidevu kama mtu anayezuia kikombe kisimwagike. Siku ya kwanza alipomwigiza tena mteja nilikuwepo. Alimwigiza daktari: "Legea, mama!" Kioo cha kaka kikaanguka chini kabisa, kikabiringika hadi chini ya cherehani, na hakuna aliyekwenda kukiokota kwa muda mrefu.

Leo chumba kile ni duka la simu, na mama ametangulia. Lakini kuna jioni moja ambayo nataka niifunge nayo habari hii. Mama alikuwa kwenye kigoda anachambua maharage. Akataka kuinuka. Wifi akasimamisha cherehani, akaenda kupiga magoti mbele yake, akaweka ncha za vidole mbele ya masikio yake, kama daktari alivyomfanyia yeye.

"Mama, meno."

"Meno yangu yana nini?"

"Yameumana. Nini kinauma?"

Mama akatazama mlango, akatazama maharage, akatutazama sisi wanawe kana kwamba tumemkuta na kitu cha wizi.

"Goti," akasema.

"Toka lini?"

"Toka huyu bwana saa akiwa mgongoni mwangu."

Jioni ile kaka alikuwa na mvi tayari. Akatoa kioo jichoni mwenyewe, akakishika mkononi.

"Linaniuma, wanangu," mama akasema. "Linaniuma sana." Taya lake likatetemeka, likaachia. Hatukuwahi kusikia maneno hayo katika kinywa chake, na tulikuwa watu wazima wenye watoto. Saa za ukutani zikagonga, kila moja wakati wake, na hakuna mmoja wetu aliyemwambia ajikaze.

FUNZO

Jirani yangu, kujikaza kunatufaa siku ya msiba na siku ya njaa. Kusigeuke jibu la kila anayesema anaumwa. Mtu wa kwako akishika shavu, usiwe wa kwanza kusema jino, wala usikubali jino ling'olewe kabla ya mtu aliyesomea kinywa kulitazama. Taya lina kiungo, kiungo kina tiba, na tiba hiyo mara nyingi ni ndogo kuliko mateso tunayoyavumilia kwa kutoijua.

Na mwenzako akinyamaza ghafla ndani ya nyumba, akakukunjia uso na kula peke yake, usianze kwa kuuliza amekasirika na nani. Muulize: panauma wapi? Sisi tulichelewa kuuliza. Wifi alipoteza meno mawili, na mama alitembea maisha yake yote na goti lile.

Sasa, ule mkono umeshaondoka shavuni? Vizuri. Na meno yako, hapo ulipokaa, yameumana? Yaachie.